Mvua Njema, Moto Mkali

Kusi ikikaza, kati ya Juni na Agosti, bahari iliyo nje ya mwamba huchafuka, na wavuvi wa mashua ndogo wa Liwatoni na Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, huvulia maji ya ndani au hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Upepo huo haukomei kisiwani. Huvuka Mariakani, hukata nyika ya Taru, hufika Voi na tambarare za Tsavo. Pwani huweza kuleta manyunyu, lakini huko bara kazi yake kubwa ni kukausha.

Agosti 2020 moto ulizuka sehemu kadhaa za Mbuga ya Tsavo Magharibi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilishuku kwamba kuna watu waliouwasha kusudi. Hilo ni suala la polisi. Lakini kiberiti kimoja kikitupwa mwaka mmoja huzimika hapohapo, na mwaka mwingine huteketeza maelfu ya ekari. Tofauti hiyo haitokani na kiberiti.

Ukitafuta chanzo chake, anzia vuli ya 2019. Mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, na mvua ikamwagika Afrika Mashariki kupita kiasi. Pokot Magharibi maporomoko ya ardhi yaliua watu. Mwishoni mwa mwaka nzige wa jangwani wakaingia nchini. Masika ya 2020 nayo ikaja nzito. Nyasi zilirefuka kila mahali, wafugaji wakashukuru. Kisha kiangazi kikaingia, na malisho yale yote yakageuka kuni.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mtu husikia ukame, akaogopa moto. Kwenye tambarare za nyasi mwaka wa kuogopwa zaidi ni ule wa kiangazi kinachofuata mvua kubwa. Kuanzia mwisho wa 2020 Kenya ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 na nyumbu 512 waliokufa. Ardhi ilikuwa tupu, na juu ya udongo mtupu moto hausafiri.

Mlimani mambo hugeuka. Msitu una kuni mwaka mzima. Kinachoukinga ni ubichi wake. Ndiyo maana Aberdare iliungua Februari 2022, katikati ya ukame uleule.

Nyasi zina tabia nyingine. Unyasi uliokufa ni mwembamba, hivyo hufuata unyevu wa hewa ndani ya saa moja au mbili tu, ilhali gogo huchukua wiki. Alfajiri penye umande moto hutambaa. Saa nane mchana, jua kali na upepo ukivuma, hukimbia. Upepo huulaza mwali juu ya nyasi za mbele, zikakaushwa kabla hazijaguswa. Askari wa wanyamapori wanaoupiga moto kwa matawi mabichi huona afadhali usiku, hewa inapopoa.

Walaji wa nyasi nao wamo. Huko Serengeti, ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban robo milioni hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walizila nyasi ambazo zamani ziliungua kila mwaka, moto ukapungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Chanjo ya ng'ombe ikawa imepunguza moto mbugani! Tsavo ilipitia kinyume chake: ndovu walipozidi, waliangusha vichaka na miti, nyasi zikatanda mahali pake, na moto ukapata uwanja mpana, hadi ukame wa 1970 na 1971 ulipoua maelfu ya ndovu hao.

Wafugaji wa savana hawakungoja wanasayansi. Wengi wamezoea kuchoma vipande vidogo mapema, nyasi zikiwa bado nusu kijani. Moto wa wakati huo huwa mfupi na hufa wenyewe ukifika penye ubichi, ukiacha mabaka yaliyoungua ambayo moto wa Septemba hauwezi kuyavuka. Kupiga marufuku kila moto, kama tawala nyingi zilivyojaribu tangu enzi za ukoloni, hulimbikiza nyasi kavu.

Siku hizi setilaiti za Marekani huonyesha sehemu zinazowaka, na taarifa zake hutolewa bure saa chache baadaye. Ubichi wa majani pia hupimwa kutoka angani, kwa hiyo afisa wa mbuga anaweza kujua mwezi wa Mei ni wapi nyasi zimezidi, akafyeka njia za kuzuia moto kabla kusi haijazikausha. Lakini setilaiti hupita kwa saa zake, na moto mdogo uliowashwa baada ya kupita unaweza kuwa umeshavuka kilima kabla haijarudi. Kwa sababu hiyo KWS bado huwahitaji walinzi walio mbugani wenyewe, pamoja na simu za wenyeji wanaouona moshi kwanza.