Mabilioni ya Dodgers yawagawa mashabiki wa besiboli Marekani

KILA ifikapo majira ya baridi nchini Marekani, viwanja vya besiboli vikiwa vitupu, mashabiki wa mchezo huo huhamia katika mchezo mwingine usiohitaji rungu wala mpira: kuhesabu mishahara ya wachezaji na kubishana nani asajiliwe, nani aachwe na nani analipwa kupita thamani yake.

Ubishi huo ulipamba moto zaidi baada ya Novemba 1, 2025, usiku ambao Los Angeles Dodgers waliifunga Toronto Blue Jays 5-4 katika mchezo wa saba wa fainali na kutwaa ubingwa kwa mwaka wa pili mfululizo. Hakuna klabu iliyokuwa imefanya hivyo tangu New York Yankees walipotwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 1998 hadi 2000.

Katika mwaka huo wa 2025 Dodgers walitozwa takriban dola milioni 169 kwa kosa moja tu, la kulipa mishahara mikubwa mno. Adhabu hiyo peke yake ilizidi mishahara ya kikosi kizima cha klabu kadhaa zinazoshiriki ligi hiyohiyo.

Kwa shabiki wa Pittsburgh au Milwaukee, hesabu hiyo haihitaji maelezo: mwenye fedha amelinunua kombe. Hoja yake ina ukweli, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua hatima ya klabu anayoipenda.

Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, ina klabu 30 na haina ukomo wa mishahara. Ligi za mpira wa kikapu, mpira wa miguu wa Kimarekani na magongo ya barafuni zote zina ukomo wa namna fulani. Besiboli imeweka kitu kingine, ambacho wengi hukiita kodi ya anasa. Kwa msimu wa 2026 kiwango kiliwekwa kuwa dola milioni 244. Klabu inayokivuka kwa mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya kile kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo asilimia 30, na wa tatu asilimia 50. Anayevuka kwa mbali huongezewa adhabu hadi kufikia asilimia 110. Kwa klabu iliyofika huko, mchezaji mpya wa dola milioni 10 huigharimu dola milioni 21.

Jina linalotajwa kwanza katika malalamiko ya mashabiki ni la Mjapani Shohei Ohtani. Desemba 2023 alikubali mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka kumi, lakini katika miaka hiyo kumi analipwa dola milioni mbili tu kwa mwaka. Zilizobaki, dola milioni 680, atalipwa kati ya 2034 na 2043, bila riba.

Kwa kuwa fedha ya kesho haina thamani ya fedha ya leo, ligi huuhesabu mkataba huo kama dola milioni 46 hivi kwa mwaka badala ya milioni 70, na kodi hupungua kwa kiasi hicho. Wengi huuita ujanja. Hata hivyo kanuni inaruhusu klabu yoyote kufanya hivyo, na inailazimu kuitenga mapema fedha ya kulipia deni. New York Mets wamekuwa wakimlipa Bobby Bonilla zaidi ya dola milioni 1.19 kila Julai 1 tangu 2011, na wataendelea hadi 2035, ingawa aliacha kuwachezea tangu 1999. Deni la awali lilikuwa dola milioni 5.9; riba ya asilimia nane ndiyo iliyolinenepesha.

Hadi hapo ni habari za matajiri. Jambo ambalo hutajwa mara chache katika ubishi wa mashabiki ni saa inayomhesabia mchezaji muda wa utumishi wake.

Kwa msomaji aliyezoea usajili wa soka, ni vyema kueleza kuwa katika MLB klabu kwa kawaida hazinunui wachezaji wa klabu nyingine kwa ada ya uhamisho, hubadilishana. Mchezaji naye hawi huru kuchagua mwajiri hadi atimize miaka sita ya utumishi katika kikosi cha juu. Katika miaka mitatu ya mwanzo, klabu humpangia mshahara karibu itakavyo, mradi usishuke chini ya kima cha chini, ambacho kwa 2026 kiliwekwa kuwa dola 780,000. Baada ya hapo, wakishindwa kuelewana, wasuluhishi huamua. Soko huria huanza mwaka wa saba.

Mfano ulio wazi ni Paul Skenes, mrushaji mpira wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya mrushaji bora wa kundi lake la ligi, akiwa analipwa dola 875,000. Mwaka huohuo Juan Soto alikuwa ameanza kuutumikia mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15 na Mets, mkubwa kuliko wote uliowahi kusainiwa katika besiboli. Hakuna anayeweza kudai kuwa pengo kati ya wawili hao lilitokana na uwezo wao uwanjani. Soto alikuwa ameshamaliza miaka yake sita. Skenes ndiyo kwanza alikuwa katika mwaka wake wa pili.

Ndiyo maana klabu huichezea saa hiyo. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 katika orodha ya kikosi, na msimu una siku zaidi ya 180. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha kijana wao Kris Bryant katika ligi za chini kwa wiki mbili za mwanzo, ingawa alikuwa ameng'ara katika mechi za maandalizi. Klabu ilisema alihitaji kujinoa katika ulinzi. Alipopandishwa Aprili 17 na kumaliza msimu, alikuwa na siku 171. Siku moja iliyopungua iliwapa Cubs mwaka mzima wa ziada wa kuwa naye.

Bryant alipinga, akashindwa mwaka 2020. Mkataba wake mkubwa, dola milioni 182 kwa miaka saba, aliupata kwa Colorado Rockies Machi 2022 akiwa na umri wa miaka 30, na tangu hapo majeraha hayakumpa nafasi. Kanuni ililegezwa mwaka huohuo wa 2022: chipukizi anayeshika nafasi mbili za juu katika kura ya tuzo ya wachezaji wapya wa kundi lake huhesabiwa mwaka kamili hata kama alichelewa kupandishwa.

Hata miaka hiyo sita ni matunda ya mapambano. Kabla ya 1975 klabu ilimmiliki mchezaji bila kikomo. Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969 na kulifikisha suala hilo Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani, akashindwa 1972. Miaka mitatu baadaye msuluhishi Peter Seitz aliwapa uhuru warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, na soko likafunguka.

Je, fedha hununua ubingwa? Mets wangejibu kwa uchungu. Mwaka 2023 walivunja rekodi ya matumizi, wakiwalipa Max Scherzer na Justin Verlander zaidi ya dola milioni 43 kila mmoja, wakaishia kushinda mechi 75 na kupoteza 87. Wakongwe hao wawili waliondolewa katikati ya msimu. Mwaka 2025, wakiwa na Soto, hawakufika hata mtoano. Kwa upande mwingine, Oakland Athletics wa 2002 walishinda mechi 103, sawasawa na Yankees waliotumia takriban mara tatu ya fedha zao.

Milwaukee Brewers nao waliongoza ligi nzima mwaka 2025 kwa ushindi 97, na katika msimu wa kawaida waliifunga Dodgers mara zote sita walizokutana. Kisha wakakutana tena katika nusu fainali, wakapoteza mechi nne mfululizo. Katika ya mwisho, Oktoba 17, Ohtani aliwatoa wapigaji 10 akiwa mrushaji, na akapiga mipira mitatu nje ya uwanja akiwa mpigaji. Msimu wa mechi 162 huweza kuongozwa kwa akili na vijana. Mtoano mfupi humpendelea mwenye nyota.

Baadhi ya wamiliki wanautaka ukomo wa mishahara, na mashabiki wengi wa klabu ndogo wanawaunga mkono. Hapo ndipo wanapopaswa kuangalia kwa makini. Kwa wachezaji chipukizi wanaotoka nje, ambao miongoni mwao walikuwamo vijana wawili wa Uganda waliosajiliwa na Dodgers mwaka 2022, ukomo wa fedha za usajili tayari upo na ni mkali. Januari 2025 Mjapani Roki Sasaki, ambaye kwa umri wake alibanwa na ukomo huo, alitafutwa na klabu nyingi. Alikwenda Dodgers, kwa dola milioni 6.5 tu.

Aidha, kila klabu hutoa asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani katika mfuko unaogawanywa sawa kwa wote, hivyo klabu ndogo hupokea kuliko zinavyotoa. Ukomo wa juu usioambatana na kima cha chini kinacholazimisha matumizi ungewapunguzia wamiliki gharama, na Pirates wangebaki huru kutotumia.

Chama cha wachezaji kimeukataa ukomo kwa miongo kadhaa. Ulipopendekezwa mwaka 1994, wachezaji waligoma kuanzia Agosti 12 na fainali za mwaka huo zikafutwa. Mkataba wa sasa kati ya pande hizo mbili, uliofikiwa Machi 2022, uliandikwa udumu hadi Desemba 1, 2026. Ule uliotangulia ulipomalizika Desemba 2021 bila makubaliano, wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa siku 99, na katika muda wote huo hakuna klabu iliyoruhusiwa kusajili mchezaji wa ligi kuu, kubadilishana wala hata kuzungumza na wachezaji wake yenyewe.