Kujazia Injini Hewa Chini ya Boneti: Sehemu ya Pili

Nguvu ya injini haitokani na wingi wa mafuta peke yake, kwa kuwa kila gramu ya petroli au dizeli huhitaji takriban gramu 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na mafuta yanayokosa hewa hiyo huishia kuwa moshi mweusi. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi silinda inavyovuta hewa yenyewe. Sehemu hii inahusu pampu zinazoisukuma hewa hiyo ndani kwa nguvu, na hasa tatizo la kuzipatia nafasi.

Haja ya pampu hizo huonekana wazi penye mwinuko. Mji wa Manyoni uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda unaofikiwa baada ya barabara na Reli ya Kati kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutokea Bahi, na katika mwinuko huo kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake juu ya kila eneo inaloligusa, hushuka kutoka kilopaskali 101 za pwani hadi takriban 87. Hewa yenye joto la nyuzi 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi kwa kila mita ya ujazo jijini Dar es Salaam, ilhali Manyoni, kwa joto lilelile, inakaribia kilo 1. Injini ya lita 4.2 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika humeza mita za ujazo 6.3 katika muda huo, kwa sababu kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo hukosa karibu kilo nzima ya hewa kila dakika, na dereva anayekimbilia kuilaumu pampu ya dizeli mara nyingi hulaumu kisicho na kosa.

Upungufu huo hufidiwa kwa mitambo ya aina mbili. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya mbele ya injini, hivyo husukuma hewa mara tu mafuta yanapokanyagwa, lakini hutumia sehemu ya nguvu ileile inayoiongeza. Tabo huzungushwa na moshi unaokimbilia ekzosi, nguvu ambayo ingepotea bure, ingawa huchelewa kidogo kuamka. Supachaja ya kwanza kuenea haikubuniwa kwa ajili ya gari hata kidogo: ndugu Philander na Francis Roots wa Connersville, jimbo la Indiana, Marekani, walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, nacho kikatumiwa katika tanuri za kuyeyushia chuma. Gottlieb Daimler aliandikisha wazo la kuisukumia injini hewa mwaka 1885, na Alfred Büchi wa Uswisi akafuata mwaka 1905 na lile la kutumia moshi.

Vipulizio vya Roots vya injini za dizeli za General Motors, vilivyokuwa vikifungwa kwenye malori na mabasi, ndivyo vilivyohamishiwa na wapenda mbio wa Marekani kwenye gari zao zenye silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V. Vilikaa juu ya injini, boneti ikatobolewa, na dereva akabaki akichungulia barabara pembeni ya chuma kinachotikisika. Supachaja fupi za leo zimeondoa kero hiyo kwa kutumia vizuri bonde lililo kati ya safu mbili za silinda, pale ambapo zamani palikuwa na manifoldi, yaani mabomba ya kugawia hewa: rota, zile shafti mbili zenye mbawa zinazofumana, zimepindwa mithili ya parafujo ili zisukume hewa nyingi kwa umbo dogo, na kipozeo chenye kupitisha maji kimelazwa ndani ya manifoldi yenyewe. Dodge Challenger SRT Hellcat ya mwaka 2015, yenye injini ya lita 6.2, ilifikisha nguvu ya farasi 707 boneti ikiwa imefungwa, ingawa supachaja yake pekee huweza kula farasi wapatao 80. Chevrolet Corvette ZR1 ya mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi, ikawekewa dirisha kwenye boneti ili mtambo uonekane, anasa ambayo fundi wa gari za kazi hana haja nayo.

Gari la kazi katika wilaya ya Manyoni, yenye mapori ya akiba ya Muhesi na Kizigo na barabara ndefu za vumbi, ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990: dizeli ya lita 4.2, silinda 6 katika mstari mmoja, isiyo na tabo wala supachaja. Injini ya mstari haina bonde la katikati, hivyo supachaja ingelazimika kukaa ubavuni na kugombea nafasi na mkanda wa jenereta. Tabo, ambayo hufungwa palepale moshi unapotokea, hukaa kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo ndiyo chaguo la busara. Ugumu uko kwingine. 1HZ ina uwiano wa mgandamizo wa 22.4 kwa 1, maana yake ni kwamba hewa iliyomo hubanwa mpaka ibaki sehemu moja kati ya 22.4, na dizeli huanza kuungua katika chumba kidogo kilichochongwa ndani ya hedi. 1HD-T, ndugu yake wa ujazo uleule aliyeundwa na tabo tangu kiwandani, ina uwiano wa 18.6 kwa 1 na humwagiwa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Toyota haikupunguza uwiano huo bila sababu, na anayeizidishia 1HZ hewa na dizeli bila kipimo hualika nyufa kwenye hedi na kuyeyuka kwa pistoni.

Joto nalo linastahili hesabu yake. Kuongeza kilopaskali 50 juu ya hewa ya Manyoni, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65, hupandisha joto kutoka nyuzi 30 hadi karibu 95, na hewa iliyotanuka kwa joto hilo huwa na kilo 1.3 tu kwa kila mita ya ujazo badala ya 1.57 iliyotarajiwa. Ikipitishwa kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa iliyobanwa, na kushushwa hadi nyuzi 50, hufikia takriban kilo 1.48. Intakula basi si pambo. Fedha iliyotengwa kwa tabo kubwa inafaa zaidi kununulia tabo ndogo pamoja na kipozeo, na kichujio cha hewa kilicho kizima, kwa kuwa vumbi linaloingia kwenye tabo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hula mbawa zake.

Kurudisha kanieneo ya pwani katika mwinuko wa Manyoni kunahitaji kilopaskali 14 tu. Kwa 1HZ yenye hedi nzima, nyongeza isiyozidi 50, iliyopozwa na kupimwa kwa geji ya joto la moshi, inatosha kwa kupanda milima na kubeba mizigo. Mwenye kutaka zaidi ya hapo abadilishe injini, asiilazimishe hii. Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kurekebisha pampu ya dizeli baada ya tabo kufungwa.