Kusi Linapovuma, Kadi ya Bima Hulipwa na Nani?

Katika kaya nyingi za mwambao wetu, tangu Jasini na Moa hadi Pangani na Mkwaja, bima ya afya haikataliwi, huahirishwa. Baba husema tutalipa kaskazi ikirejea. Mama husema tutalipa tukishauza nazi. Mwaka hupita hivyo, kisha mtoto hushikwa na homa usiku wa masika, na fedha ambayo haikupatikana kwa ajili ya kadi hupatikana kwa mkopo, tena ikiwa nyingi kuliko ile. Wiki hii tumeona tulitazame jambo hili kwa undani kidogo, kwa sababu tangu janga la UVIKO-19 liutikise uchumi, mifuko ya bima ya afya imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara, hapa kwetu na kwa majirani, na kila mabadiliko hugusa moja kwa moja bajeti ya nyumba.

Kadi inayozungumzwa zaidi vijijini ni ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa. Mpango huo ulipotandazwa nchini kuanzia 2018 na 2019, kaya ya watu sita katika mikoa mingi, Tanga ikiwemo, ilipangiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na serikali huongeza fungu lake juu ya kile anachochanga mwananchi. Mwenye kadi huanzia zahanati, hupewa rufaa hadi kituo cha afya, na ikibidi hufika hadi hospitali ya mkoa, yaani Bombo. Kwa hesabu ya mtu mmoja ni shilingi 5,000 kwa mwaka mzima. Hapana anayeweza kusema kwamba ni ghali kwa siku 365.

Tatizo ni kwamba hailipwi kwa siku 365. Hulipwa kwa mkupuo, siku moja.

Tumchukue mvuvi wa Kigombe au Kipumbwi mwenye ngalawa yake. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba kusi huvuma, bahari huchafuka, na siku za kutoka huwa chache. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka, samaki hupatikana na mkono huwa na kitu. Mkulima wa machungwa wa Muheza naye ana miezi yake, na mkulima wa mahindi wa Handeni ana yake. Kadi ikimalizika Juni, mvuvi huyu hana thelathini elfu; ikimalizika Januari, anayo. Mwalimu wa shule ya kijiji hicho hicho hayajui mashaka hayo. Tangu 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, humkata asilimia tatu ya mshahara na mwajiri wake huongeza tatu nyingine, kabla hajaiona fedha yenyewe. Mshahara hauna kusi.

Tofauti hii haikuanza na UVIKO. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Hapa Tanga kulikuwa pia na mashamba ya mkonge, ambayo makubwa yake yalikuwa na zahanati zake kwa wafanyakazi na familia zao. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Shamba lilipokufa, zahanati yake ilikufa nalo. Wakati huo huo mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 uliziacha hospitali za serikali bila dawa, na kuanzia 1993 wananchi wakaanza kutozwa gharama za kuchangia huduma. Ili kupunguza makali ya tozo hizo ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii ulipojaribiwa Igunga mwaka 1996, kisha ukatungiwa sheria mwaka 2001. Kwa maneno mengine, bima ya hiari ya vijijini ni mtoto wa mdororo wa uchumi. Ilizaliwa kwa sababu serikali ilikuwa imeishiwa, nayo ikaelekezwa kwa kaya ambazo nazo zilikuwa zimeishiwa.

Machi 16, 2020, Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, ambaye ni mwenyeji wa Tanga, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo nchini. Tanzania haikuwafungia watu majumbani kama nchi nyingine. Masoko yaliendelea, na misikiti haikufungwa. Lakini uchumi wa mwambao hautegemei soko la Ngamiani peke yake. Mei 16 mwaka huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo, na njia ya Horohoro na Lunga Lunga, inayolisha wachuuzi wengi wa Mkinga, ikabana. Wanunuzi wa nje wa mazao ya bahari walipunguza kasi. Hata waliokuwa wameweka akiba ya Hija hawakusafiri mwaka huo wala uliofuata. Kwa takwimu za taifa, ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka asilimia 7.0 mwaka 2019 hadi 4.8 mwaka 2020. Asilimia hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mchuuzi aliyekuwa akivuka mpaka mara tatu kwa wiki, zilikuwa ni biashara yote.

Mapato yakipungua, kaya hukata matumizi kwa mpangilio unaofahamika: nguo kwanza, kisha vitoweo, kisha malipo ya jambo ambalo halijatokea. Bima ni malipo ya jambo ambalo halijatokea. Mwenye afya huiacha kadi, na mwenye kisukari au mtoto mwenye selimundu huishikilia kwa kila hali. Hapo mfuko hubaki na wagonjwa bila wazima wa kuwabeba. Ni kama chungu cha shughuli ambacho walioshiba wameacha kukichangia, lakini wenye njaa wote wamefika na sahani. Mfano ulio wazi ni wa Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikitolewa na Mfuko wa Taifa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi waliikimbilia mtoto alipokwisha kuugua, mfuko ukalipa kuliko ulivyokusanya, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule. Kadi hiyo ilirejea baadaye kwa utaratibu mpya. Wazazi walilalamika sana wakati ule, nasi hatuwalaumu. Lakini tuwe wakweli kwamba bima inayonunuliwa hospitalini mtoto akiwa mgongoni si bima tena.

Nchi nyingine zilikabili hali hiyo kwa namna tofauti. Marekani, ambako maskini hutibiwa kwa mpango uitwao Medicaid, Bunge liliamua Machi 2020 kwamba majimbo yatakayopokea fedha za ziada yasimwondoe mtu kwenye orodha wakati wa janga, na walioandikishwa wakapita milioni 90. Zuio hilo lilipokwisha mwaka 2023, mamilioni walitolewa. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote, iliongeza michango ya bima ya taifa mwanzoni mwa 2020. Mahakama ikabatilisha nyongeza hiyo, na katikati ya mwaka huo huo, janga likiwa limepamba moto, Rais akairejesha. Wananchi walikasirika. Hata hivyo, kwa daraja la tatu, la wenye kipato kidogo, serikali ilibeba nyongeza: mwanachama aliendelea kulipa rupia 25,500 kwa mwezi hadi mwisho wa mwaka, ingawa kiwango kipya kilikuwa 42,000. Huo ndio uamuzi tunaoona una mafunzo kwetu: mfuko ulihitaji fedha zaidi wakati watu wana fedha pungufu, na pengo halikuachwa mlangoni kwa maskini.

Indonesia inatufaa kwa sababu nyingine. Mwaka 2015 kikao cha wanazuoni wa nchi hiyo kilisema kwamba bima ile, kwa namna ilivyoendeshwa, haijaafikiana na sharia, na kikataka irekebishwe. Swali hilo liko pia barazani kwetu. Wapo wanaosema bima yote ni kamari. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah Desemba 1985 lilitenganisha mambo mawili: bima ya kibiashara yenye mchango maalumu, ambayo lilisema ina gharar kubwa na haifai, na bima ya ushirika inayosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana, ambayo liliikubali. Kaya zinazochangia mfuko wa jamii ili mgonjwa atibiwe, bila mwenye hisa anayegawana faida, ziko karibu zaidi na lipi? Kila mmoja amuulize sheikh wake. Sisi tunakumbusha tu habari ya Al-Ash'ariyyun, ambao Mtume (s.a.w.) aliwasifu kwa sababu chakula kilipopungua walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Walikusanya wakati wa upungufu, si wakati wa neema.

Na tuseme jambo ambalo huwa hatulisemi. Mitaa yetu imejaa vyama vya kufa na kuzikana. Kila mwezi watu hutoa fedha, katibu huandika daftarini, na akifa mtu sanda hupatikana, chakula cha wafiwa hupatikana, na gari la kumpeleka Tongoni au Muheza hupatikana. Mzee anayesema kwamba kulipia ugonjwa usiokuwepo ni kuuita, huyo huyo hajakosa mchango wa sanda miaka kumi. Kwa hiyo uwezo wa kuchanga kidogo kidogo tunao, na nidhamu tunayo. Tumeielekeza kaburini kabla ya zahanati.

Mkoa wetu umewahi kuonja pia upande wa pili, wa kadi isiyolipiwa na mwenye kadi. Kuanzia 2012 mikoa ya Tanga na Mbeya iliingizwa katika mpango uliojulikana kama Tumaini la Mama, ulioendeshwa na Mfuko wa Taifa kwa fedha za Ujerumani. Mjamzito asiye na uwezo alipewa kadi ya kumtibu wakati wa ujauzito na kujifungua, na familia yake ikaunganishwa na mfuko wa jamii. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini ulikuwa mradi, na mradi hulipwa na aliye mbali. (Wajerumani wale wale waliotawala Tanga na kujenga jengo la kale la Bombo walikuwa na bima ya lazima kwa wafanyakazi wao nyumbani tangu 1883. Huku hawakuileta.)

Sasa taifa limechagua njia ya lazima. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa kwa sababu ya mabishano juu ya fedha, na ukapitishwa Novemba 2, 2023, utekelezaji wake ukiingia kwa awamu. Katika mjadala wa 2022 kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka, zaidi ya mara kumi na moja ya zile 30,000, na ndicho kilichowashtua watu. Kwa wasio na uwezo sheria inaanzisha mfuko maalumu, na miongoni mwa vyanzo vyake ni ushuru wa vinywaji baridi, vipodozi, pombe na michezo ya kubahatisha. Tunajua wasomaji wetu watasita wakifika hapo. Suala hilo linastahili fatwa yenye utulivu, si maneno ya kijiweni.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Lunga Lunga wametangulia hatua moja, nasi tunaweza kujifunza kutokana na shida zao. Oktoba 1, 2024, Kenya iliacha mfuko wake wa zamani na kuanza mpya unaokata asilimia 2.75 ya mapato. Asiye na ajira rasmi hulipa si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, lakini alitakiwa kuzilipa za mwaka mzima kwa pamoja. Wachuuzi, bodaboda na wavuvi wakashindwa, kwa sababu zile zile za mvuvi wetu wa Kigombe. Ndipo ukaletwa mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, wa kumwezesha mtu kulipa kwa vipande. Tunaziomba mamlaka zetu zisisubiri kushindwa kwanza. Anayelipia umeme kwa simu kidogo kidogo anaweza kulipia kadi kwa njia hiyo hiyo, aanze kaskazi na amalize kabla ya kusi.

Wakati tunasubiri, kuna yaliyo mikononi mwetu. Kikundi cha akina mama cha kukopeshana, au chama cha kuzikana chenyewe, kinaweza kutenga sehemu ya mchango wa kila wiki kwa ajili ya kadi za wanachama na kuzilipa zote siku moja. Kamati za misikiti zinazogawa zaka zinazijua nyumba za mafukara mtaani. Ziwaulize wanazuoni kama fungu lao linaweza kuwalipia kadi kwa idhini yao, au ni lazima wakabidhiwe fedha mikononi. Na kabla ya kulipa, muulizeni afisa mwandikishaji mambo matatu: kadi inaanza kufanya kazi siku gani, dawa zikikosekana zahanati mtapewa wapi, na mtu wa saba wa nyumba ataandikwa wapi.

Hili la mtu wa saba si dogo kwetu. Kaya ya kadi ni mkuu wa kaya, mwenza wake na wategemezi wanne. Kaya ya Pangani ina bibi, yatima wa ndugu, na pengine mke wa pili nyumba ya pili. Walioweka idadi ya sita walihesabu familia nyingine, na kanuni za viwango bado zinaweza kurekebishwa. Wabunge na madiwani wa mwambao huu wanalijua jambo hilo, maana nyumba zao wenyewe hazitoshi katika kadi moja.