DRC: Kuchafua jina la mtu kwa mdomo au kwa WhatsApp, sheria inasema nini?

Tuseme mama mmoja muuzaji wa soko huko Butembo anafungua simu asubuhi na kukuta ujumbe katika kundi la WhatsApp la likelemba yao: «Yeye ndiye alikula pesa yetu ya mwezi wa tatu.» Jina lake limeandikwa wazi. Kufikia mchana, ujumbe umezunguka mtaa mzima na wateja wanamkwepa. Je, anaweza kushitaki?

Ndiyo. Sheria ya adhabu ya Kongo, yenye msingi katika amri ya tarehe 30 Januari 1940, inalinda heshima ya mtu katika vifungu vya 74 hadi 77.

Wengi huamini kwamba kosa ni maandishi tu, na maneno ya mdomo hupita na upepo. Sheria ya Uingereza ndiyo inayotenganisha mambo hayo mawili: huko, anayeshitaki kwa maneno ya mdomo mara nyingi hulazimika kuonyesha hasara aliyoipata. Kongo, iliyorithi sheria za Wabelgiji, haikufuata njia hiyo. Hapa swali ni hili: mtu ametajiwa tendo maalum, au ametukanwa tu?

Kifungu cha 74 kinamwadhibu anayemtwika mtu, hadharani na kwa nia mbaya, tendo maalum linaloweza kumvunjia heshima. Adhabu ni kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 na faini, au moja kati ya hizo. «Alikula pesa ya mwezi wa tatu» ni tendo maalum, maana linaweza kuchunguzwa. «Wewe ni mbwa» ni tusi. Likitamkwa hadharani, kifungu cha 75 kinatoa siku 8 hadi miezi 2.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kifungu cha 74 hakidai jambo liwe la uongo. Kusema «lakini ni kweli» peke yake hakutoshi kumwokoa aliyelitangaza kwa nia ya kuumiza.

Kuhusu simu, sheria ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamlenga anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao ya kijamii: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya faranga za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya adhabu hizo. Kwa hiyo hata aliyetuma tu ujumbe wa mwingine anaweza kuitwa.

Mama huyo anapaswa kuhifadhi picha za ujumbe, tarehe na majina ya mashahidi kabla haujafutwa, kisha kwenda mahakama ya amani. Asichelewe: kwa makosa ya vifungu 74 na 75, muda wa kushitaki huisha baada ya mwaka 1. Anaweza pia kudai fidia kwa kifungu cha 258 cha sheria ya madai.

Na wanachama ambao kweli pesa yao imepotea? Wapeleke daftari ya likelemba na mashahidi kwa polisi au kwa mwendesha mashitaka. Huko nako, anayeshitaki mtu kwa uongo wa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5, kwa kifungu cha 76. Lakini mwenye nia njema atakuwa amefikisha jambo mahali linapoweza kuchunguzwa.