Ateri Zinazopita Njia Isiyo Yake

Tarehe 5 Januari 1988, Pete Maravich, nyota wa zamani wa mpira wa kikapu wa Marekani, alianguka akicheza na wenzake mjini Pasadena, California, akafariki. Alikuwa na miaka 40. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alizaliwa bila ateri ya kushoto ya moyo. Ile ya kulia ilikuwa imetanuka, ikalisha moyo mzima hata katika misimu 10 ya NBA.

Kwa kawaida ateri mbili za moyo huchipuka kwenye shina la aota, kila moja upande wake. Mtu mmoja hivi kati ya 100 ana mpangilio tofauti, na wengi wao huzeeka bila kujua. Hatari hutegemea njia ambayo ateri imepita.

Inayoogopwa zaidi ni ateri ya kushoto inayochipukia kulia, kisha ikajipenyeza kati ya aota na mshipa mkuu wa mapafu. Mara nyingi mdomo wake ni mwembamba kama ufa, na sehemu ya mwanzo imefichika ndani ya ukuta wa aota. Mtu akitulia, damu hutosha. Akikimbia, ateri hubanwa wakati uleule misuli ya moyo inapodai damu zaidi. Hapo kifua hubana, au mtu huzirai. Kwa wengine moyo husimama ghafla bila dalili ya awali.

Ateri nyingine huzama ndani ya misuli ya moyo, na kila pigo huiminya. Wengi hawadhuriki, kwani ateri hizi hupata damu nyingi moyo unapolegea. Mapigo yakienda mbio, muda huo hupungua na maumivu huweza kuanza.

Wapo pia watoto wachanga ambao ateri ya kushoto imeota kwenye mshipa wa mapafu. Shinikizo la mapafu likishuka baada ya kuzaliwa, damu huukimbia moyo. Mtoto hulia na kutoka jasho anaponyonya, maana kunyonya ndiyo kazi yake nzito.

Kwa hiyo tabibu aulize maumivu huja wakati gani. Kipimo cha umeme wa moyo, mgonjwa akiwa amelala, kinaweza kutoka safi. Kijana anayebanwa kifua au kuzirai katikati ya mazoezi asirudi uwanjani kabla ya kuonekana ateri zake zinaanzia wapi, kwa ultrasaundi ya moyo au, kwa uhakika zaidi, kwa picha ya CT ya mishipa. Kasoro nyingi za hatari hurekebishwa kwa upasuaji zikigunduliwa mapema.