Kabla ya Picha, Mwangalie Mgonjwa

Karibu kila familia ya Waswahili ninayoifahamu hapa ughaibuni ina mtoto, mpwa au jirani anayesomea udaktari, au anayetamani kuusomea. Tunamuuliza yuko mwaka wa ngapi, atamaliza lini, atakuwa daktari wa nini. Mara chache tunamuuliza anafundishwa vipi. Leo naomba niwapeleke kwenye wodi ninayofanyia kazi, wodi ya mifupa na majeruhi hapa Uingereza, muone jinsi daktari wa kesho anavyofundishwa kumshika mtu aliyevunjika.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliipata Tanzania, shahada nikaisomea huku. Wanafunzi wa udaktari wanakuja kwetu kwa makundi, wanakaa wiki chache, kisha wanahamia wodi nyingine. Daktari bingwa ndiye mwalimu wao mkuu, lakini yeye muda mwingi yuko chumba cha upasuaji. Aliyebaki wodini saa nane mchana, wakati mgonjwa analalamika na mwanafunzi hajui ashike wapi, ni muuguzi. Kwa hiyo nasi tunafundisha.

Wiki hizo chache zina uzito mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na wengine kati ya milioni 20 na 50 hujeruhiwa. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu. Si kila mwanafunzi atakuwa bingwa wa mifupa, lakini karibu kila mmoja, akiwa daktari, kuna siku ataletewa majeruhi.

Mfupa husubiri, pumzi haisubiri

Somo la kwanza huwashangaza wengi. Mwanafunzi amekuja kujifunza mifupa, naye anaambiwa asiuangalie mfupa kwanza. Mguu uliopinda unavuta macho ya kila mtu chumbani, kumbe kinachomuua mgonjwa huenda hakionekani. Kwa hiyo kuna mpangilio: kama damu inatoka kwa kasi, izuiwe, kisha njia ya hewa, huku shingo ikilindwa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, kisha mgonjwa afunuliwe akaguliwe mwili mzima, na afunikwe tena asipate baridi. Mfupa wa paja peke yake ukivunjika unaweza kumwaga lita moja ya damu au zaidi ndani ya misuli, pasionekane hata tone sakafuni.

Mpangilio huu una historia. Mwaka 1976, daktari wa mifupa Mmarekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo katika jimbo la Nebraska akiwa na familia yake. Mkewe alifariki na watoto wakajeruhiwa. Huduma waliyopata kwanza ilimsikitisha sana, akaona kwamba yeye mwenyewe huko shambani, mikono mitupu, alikuwa amewahudumia watoto wake vizuri zaidi. Kutokana na hapo yeye na wenzake walitunga kozi ya kuwahudumia majeruhi kwa hatua, ikafundishwa mara ya kwanza mwaka 1978. Leo inafundishwa katika makumi ya nchi, na karibu kila mwanafunzi wa udaktari hujifunza hatua zake.

Elimu hiyo inaendelea kukua. Utafiti wa CRASH-2, ulioongozwa kutoka London na kutolewa mwaka 2010, ulihusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Ulionyesha kwamba dawa ya bei nafuu iitwayo traneksamiki asidi hupunguza vifo vya kuvuja damu, mradi itolewe mapema, ndani ya saa 3. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini tunamkazania saa aliyoumia mgonjwa iandikwe.

Tazama, gusa, sogeza

Mgonjwa akishatulia, ndipo tunakuja kwenye kiungo. Daktari Mwingereza Alan Apley aliwaachia walimu wa mifupa utaratibu wa maneno matatu: tazama, gusa, sogeza. Unaonekana wa kitoto, lakini wanafunzi wetu wamezaliwa kwenye skrini. Ukimwonyesha mgonjwa, jicho linakimbilia picha ya eksirei kwenye kompyuta. Hapo huwa namwambia ageuke. Ngozi ina rangi gani? Kuna kidonda? Vidole vina joto? Mapigo ya damu juu ya wayo unayasikia? Anahisi ukimgusa katikati ya kidole gumba na cha pili? Picha ya eksirei haitamjibu hata swali moja kati ya hayo.

Nitoe mfano mmoja. Kijana alilazwa baada ya kuvunjika muundi akicheza mpira. Mguu ulikuwa umewekwa vizuri kwenye nusu plasta, picha ilikuwa nzuri, upasuaji ulipangwa kesho yake. Usiku akaanza kulia kwa maumivu. Akapewa dawa, hayakupungua. Akaongezewa, yakazidi. Kukawa na minong'ono kwamba kijana huyu ni mwoga. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, ambaye alikuwa ameomba kukaa nasi zamu ile, akamsogelea, akamshika kidole gumba cha mguu na kukiinua taratibu. Kijana akapiga ukelele. Mwanafunzi akaja kwangu mbio, akasema, "Sista, mapigo yapo, lakini sipendi maumivu haya." Tukafungua plasta na bendeji zote, nikampigia daktari wa zamu, na haikupita saa moja kijana alikuwa chumba cha upasuaji.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, misuli huvimba. Ikikosa nafasi, shinikizo hupanda mpaka damu haiwezi kupenya kuilisha, ingawa mapigo ya wayoni bado yanasikika. Zikipita saa sita hivi bila damu, misuli huanza kufa, na mguu unaweza kupotea. Tiba ni kuichana mifuko hiyo ili misuli ipumue. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi pale vidole vinaposogezwa na mtu mwingine. Kijana yule alitoka na magongo na miguu yake yote miwili. Tangu siku hiyo kila kundi linalofika nawapa habari yake, bila jina, kabla hawajapewa picha hata moja.

Chumba cha plasta

Somo wanalolipenda zaidi ni la plasta ngumu, ile ambayo nyumbani wengi huiita hogo. Wanafungana wenyewe kwa wenyewe, wanacheka, wanachafuka. Katikati ya kicheko wanajifunza mambo ya maana. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu plasta inapokauka hutoa joto lake yenyewe na inaweza kuunguza. Ifinyangwe kwa viganja, si kwa ncha za vidole, maana shimo dogo la kidole likikauka huikandamiza ngozi hadi itoke kidonda. Jeraha jipya lifungwe nusu plasta, kwa kuwa uvimbe bado unakuja nao unahitaji pa kwenda. Na mgonjwa akirudi akisema inambana, vidole vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, usibishane naye, ifunguliwe.

Kisha namwacha kila mmoja akae na plasta yake kwa saa nzima, ale nayo na afunge vifungo vya shati nayo. Baada ya hapo hutawasikia wakisema "yule mguu wa kitanda cha sita". Watasema jina la mgonjwa.

Fundi wa mifupa

Mwaka jana nilipigiwa simu usiku kutoka nyumbani. Binamu yangu ameanguka na bodaboda, mguu umevunjika chini ya goti. Ndugu wamegawanyika: wengine wanataka hospitali ya mkoa, wengine fundi wa mifupa wa kijiji cha pili. Niliuliza maswali yaleyale ninayowauliza wanafunzi. Vidole vina joto? Anahisi akiguswa? Maumivu yanazidi? Kuna kidonda karibu na palipovunjika? La mwisho wakajibu kipo, kidogo tu, kama punje ya hindi.

Shangazi akachukua simu. "Mwanangu, huyu fundi ndiye aliyemuunga marehemu babu yako."

"Najua, shangazi, na babu alitembea. Lakini babu hakuwa na kidonda."

Kidonda kidogo juu ya mfupa uliovunjika ni mlango wa vijidudu mpaka kwenye mfupa. Miongozo ya hapa Uingereza inataka antibayotiki ianze mapema kadiri inavyowezekana, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu kuumia, kisha kidonda kisafishwe chumba cha upasuaji. Walimpeleka hospitali usiku uleule, mguu ukiwa umefungwa banzi pande mbili. Leo anachechemea kidogo, lakini amerudi dukani kwake.

Wanafunzi wangu, hasa waliozaliwa huku, wakisikia habari za fundi wa mifupa hucheka. Hapo nawaeleza kuhusu Hugh Owen Thomas wa Liverpool, ambaye jina lake liko kwenye banzi la mfupa wa paja wanalolikuta katika vitabu vyao. Baba yake, Evan Thomas, hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa mifupa, kutoka ukoo wa mafundi wa mifupa wa Wales, naye aliwapeleka wanawe watano kusomea udaktari. Banzi la Thomas lilipelekwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia na mpwa wake, Robert Jones. Hesabu za madaktari wa jeshi za wakati ule zinataja vifo vya askari waliovunjika paja kushuka kutoka takriban 80 katika kila 100 hadi chini ya 20.

Kwa hiyo nawaambia: mgonjwa akikueleza kwamba alipitia kwa fundi, msikilize bila dharau, la sivyo mwingine atakuficha. Muulize alifungwa na nini, kwa muda gani, na kilibana kiasi gani. Vijiti vilivyokazwa kupita kiasi vimepoteza mikono na miguu ya watoto ambao mfupa wao ungeunga wenyewe.

Huku bibi, kule kijana

Jambo moja wazazi na wanafunzi walijue: wodi hufundisha kile inacholaza. Hapa Uingereza vitanda vyetu vingi vina wazee waliovunjika nyonga kwa kuanguka sebuleni au bafuni. Mwanafunzi anajifunza kwamba bibi wa miaka 85 afanyiwe upasuaji mapema, lengo likiwa ndani ya saa 36, kwamba daktari wa wazee amwone pamoja na wa mifupa, na kwamba asimamishwe siku inayofuata. Ni elimu njema, nasi tunaozeeka ughaibuni tutaihitaji.

Lakini Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, anayelala kitandani mara nyingi ni kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi au paja, na familia nzima inamtegemea. Mwanafunzi aliyesomea huku tu atakuwa ameona wachache wa aina hiyo. Vyuo vingi vya udaktari vya hapa humpa mwanafunzi, karibu na mwisho wa masomo, wiki kadhaa za kujifunza mahali anapopachagua mwenyewe. Wengi huchagua fukwe. Wetu wachague nyumbani, na waombe nafasi mapema. Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, inayopokea majeruhi kutoka kila pembe ya nchi. Huko ataona pia msumari wa SIGN, unaotolewa na shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999. Hupitishwa ndani ya mfupa, na kifaa chake cha kulengea humwezesha daktari kuweka skrubu bila mashine ya eksirei chumba cha upasuaji. Hapo mwanafunzi anagundua kwamba mikono iliyofundishwa vizuri hufanya mengi hata pale mashine haipo.

Mzazi, saidia

Mwanafunzi hawezi kulitambua jambo lisilo la kawaida kama hajashika mengi ya kawaida. Nawaagiza wangu watafute mapigo ya wayo kwa watu wazima 40 wenye afya kabla ya kumaliza wiki zao kwetu. Wodini hawapatikani, nyumbani wapo. Kwa hiyo akirudi likizo, mwachieni miguu yenu. Akague magoti, akunje vifundo, apime nguvu za mikono, asome jinsi mama anavyoinuka kwenye kiti. Na akisema ameyapata mapigo, mwambieni ayahesabu kwa sauti, huku mmoja wenu akihesabu ya kwenye kifundo cha mkono. Hesabu zikilingana, ahamie kwa bibi. Mapigo ya wayo wa mzee ndiyo magumu kuyapata.