Mtoto Hujifunza kwa Macho

Waalimu wengi hudhani ya kuwa mtoto aliyetulia darasani hakuchukua kitu katika utundu wa wenzake. Mwaka 1965 Bwana Albert Bandura, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa habari iliyopinga dhana hiyo. Watoto wadogo 66 walionyeshwa sinema ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa nyundo na mateke. Baadhi yao walimwona akipewa vinywaji na peremende. Wengine walimwona akikaripiwa na kuchapwa. Na wengine hawakuona lolote likimpata. Kisha kila mtoto aliachwa na mwanasesere. Walioona adhabu walimwiga kidogo kuliko wengine, na hapo mtu angalisema kwamba adhabu imewafunza. La! Walipoahidiwa maji ya matunda kwa kila kitendo watakachokumbuka, walivitenda kama wenzao. Walikuwa wameviweka akiba tu.

Nchini Kenya fimbo ilikatazwa shuleni mwaka 2001. Lakini ukali wa sauti ya mwalimu, na jinsi anavyomtupia daftari mtoto aliyekosa, hutazamwa na darasa zima, hata na yule aliyeinama akiandika.